Kiti cha Mbele

Nyumbani, 6 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, tena itakukuta kabla mwaka haujaisha, maana nimemkabidhi Breki, na Breki unamjua: lori lake linasimama kusalimia kila jiwe. Lakini tutafanyaje? Huko kambini kwenu simu haishiki, na hiyo barabara mnayoijenga ndiyo kwanza inatambaa. Kwa hiyo tunaandikiana kama babu zetu. Mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino, uvumilie.

Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, ila magoti yake kila asubuhi yana taarifa ya habari na lazima tuisikilize sote kabla ya chai. Mimi nami nipo. Baraza bado imejaa makochi ya watu, wateja bado wananiuliza, "Fundi, lini?" na mimi bado nawajibu, "Kesho," kwa uso mkavu kabisa.

Mwanao Chiriku ndiye mzima kuliko sisi sote. Jina tulilompa halikukosea mtu. Anaamka akisema, analala akisema, na katikati ya usingizi anamalizia yaliyobaki. Barua zako namsomea zote. Nikiruka mstari ananirudisha nyuma. Sijui anajuaje, na hata kusoma hajui.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jirani yetu yule wa geti la bluu alimfanyia mtoto wake sherehe ya kuzaliwa, na haikuwa sherehe hivi hivi. Ilikuwa sherehe ya nyuki. Keki ya nyuki, maputo ya njano na meusi, watoto wamevishwa mabawa, na mama mwenye nyumba mwenyewe kavaa vijiti viwili vinavyochezacheza kichwani. Mimi nilikwenda kumchukua Chiriku nikiwa na vumbi la sponji mpaka kwenye nyusi. Nikaambiwa nimependeza, je, nimekuja kama nani? Nikasema nimekuja kama fundi wa makochi.

Tangu siku hiyo hatuna raha. "Mjomba, na yangu itakuwa ya nini?" Julai tarehe kumi na tisa anatimiza miaka mitano, na mimi, kwa kichwa changu kilichovimba, nikatamka mbele ya mashahidi kwamba fundi anayevalisha makochi ya nyumba nzima hawezi kushindwa na sherehe ya watoto. Nilijipalia makaa mwenyewe. Basi nakuuliza wewe mama mtu: iwe sherehe ya nini? Na swali la pili ni lake, ameniamuru niliandike kwa herufi kubwa: UTAKUJA?

Mdogo wako,
fundi wa "kesho"


Kambini, 3 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia ikinuka vitunguu, maana Breki aliiweka juu ya gunia, kisha juu ya barua akajiweka yeye. Hata hivyo nimeisoma yote.

Mimi mzima. Jua ni kali, vumbi ni jingi, na hawa wanaume wa barabara wanakula kama wameambiwa kesho sufuria zinakwenda likizo. Wiki iliyopita nilitia chumvi kwenye maharage, nikasahau, nikatia tena, halafu msaidizi wangu naye akatia kwa kunisaidia. Sasa kambi nzima wananiita Bi Chumvi. Msimamizi anataka jina hilo liandikwe kwenye mlango wa jiko. Nimemwambia akithubutu atakula kokoto, na kokoto tunazo.

Mwambie Mama ile dawa ya magoti ni ya kupaka, siyo ya kutunza kabatini kama urithi.

Haya, sherehe. Umejitia kitanzini kwa mdomo wako, lakini nitakusaidia. Iwe sherehe ya samaki, na usiniulize mara mbili. Mtoto wangu namjua. Unakumbuka lile beseni lake lenye samaki wekundu pembeni? Bila beseni lile haogi, na kila samaki ana jina. Siku naondoka alikuwa ndani yake anawaamkia mmoja mmoja, mimi nimesimama mlangoni na begi. Kwa hiyo samaki. Maputo ya bluu. Keki ya samaki, mkia uinuke kidogo, magamba ya sukari. Vipande vya sponji unavyo vya kumwaga, kata samaki wengi uwatundike darini kwa uzi. Watoto uwavishe mikia, siyo mabawa, tusije tukaambiwa tumeiga. Na keki usimwachie Mama, anaona sukari ni sumu, wala usiipike wewe, nakuomba kwa heshima zote. Ile uliyopika mwaka ule, mbwa wa jirani aliinusa akarudi kwao.

Bado anaogea beseni lile? Bado anaogopa mlio wa nyundo? Niandikie.

Mengine tutaongea. Breki anapiga honi anasema namchelewesha. Yeye!

Dada yako


Nyumbani, 24 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua imefika na tumecheka mpaka Mama akasahau magoti. Dawa ameitoa kabatini. Sasa ameiweka mezani, anaitazama. Tunakwenda hatua kwa hatua.

Umeuliza habari za nyundo. Haogopi tena, sisi ndio tunaogopa akiishika. Juzi alipigilia msumari kwenye kochi la mteja, akaniambia, "Hapa palikuwa panacheza, mjomba." Na kweli palikuwa panacheza. Umeuliza pia habari za beseni. Beseni lipo.

Kazi ya samaki imeanza. Wa kwanza nilimkata kwa madaha, nikamtia macho ya vifungo, nikamwita Chiriku aje ashangae. Akamzunguka, akambonyeza tumbo, akamlalia. "Mto mzuri, mjomba." Nikakata wa pili, mwembamba zaidi. Huyo aliyemwona ni mama wa famasi, yule aliyeniletea kitambaa chake cha mahameli chenye maua mekundu nimvalishie makochi. Akauliza kama siku hizi nashona na viatu. Wa tatu nakutumia kwa Breki, uamue mwenyewe ni kitu gani. Sikutegemea kwamba kiumbe asiye na miguu anaweza kunitoa jasho hivi.

Chiriku naye ana maoni yake kuhusu samaki, lakini hayo ni marefu, nitakuandikia siku nyingine.

Sasa dada, lile swali la herufi kubwa hukulijibu. Nilimsomea barua yako, nilipofika mwisho akanishika mkono. "Umeruka." Nikamwambia sikuruka. "Rudia." Nikarudia. "Umeruka tena." Ikabidi nimwambie kwamba jibu huenda lilidondoka njiani, Breki akipita kwenye mashimo. Akaichukua barua akaikung'uta, huenda jibu limenasa kwenye mkunjo.

Breki anasema kiti cha mbele cha lori kiko wazi kila safari. Mimi nakupa tu alichosema Breki, sina la kuongeza.

Mdogo wako


Kambini, 14 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote nawasalimu, pamoja na dawa iliyoko mezani.

Samaki wako amewasili. Msimamizi alidhani ni mzigo wa hospitali. Nimemlalia, na shingo iliyokuwa inanisumbua tangu mvua za mwanzo imenyooka. Kwa hiyo Chiriku alisema kweli, ni mto, lakini kwa ajili ya sherehe tutaendelea kumwita samaki.

Kiti cha mbele! Kumbe Breki naye ana mdomo. Hakukuambia kwamba kiti chenyewe kina springi iliyochomoza hapo katikati kama kidole? Hakuna binadamu anayekikalia. Hata gunia la vitunguu likikaa pale linatoboka. Safari ni ya siku mbili, nitafika nimechanika mjifanye hamnijui. Halafu jiko nimwachie nani? Msaidizi wangu anajua kuchemsha maji, tena akisimamiwa. Na wakubwa wa kukagua daraja wanakuja mwezi huohuo wa Julai. Nitaona. Ikiwezekana, nitaona.

Kwani nikija nitaleta nini cha ajabu? Unakumbuka mwaka jana. Mtoto aliniamkia vizuri, mikono nyuma, akaniletea maji kwenye glasi ya wageni, kisha akamnong'oneza Mama, "Huyu mgeni anaondoka lini?" Mlicheka ninyi mpaka Mama akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Nikaenda zangu uani kuanua nguo, na siku hiyo hakuna aliyekuwa amefua.

Basi tuyaache. Nimemnunulia gauni la samaki kwa mchuuzi anayepita hapa kambini. Sikuwa na kipimo, nimekadiria kwa mkono; kimo chake nakijua, ananifika hapa juu ya goti. Nimemwapisha Breki alifikishe siku yenyewe ya tarehe kumi na tisa, na honi apige. Amekubali. Nimempa nyama mara mbili.

Samaki watundikwe juu, watoto wasiwafikie.

Dada yako


Nyumbani, 23 Julai

Dada,

Shikamoo, na ukae chini kabisa. Ikiwezekana ukalie samaki.

Mama mzima. Dawa kapaka, goti moja tu, anataka kwanza aone kama lile lingine litaona wivu. Mimi mzima ila sauti imenikauka kwa kupiga kelele, na nina gundi mahali ambapo siwezi kupataja kwenye barua inayosomwa mbele ya watu.

Sherehe ilifanyika. Haikuwa ya samaki.

Niliwatundika wote, dada, nakuapia. Nilipomaliza, sebule ilionekana kama godoro limelipuka. Chiriku akaingia, akainua kichwa, akaniambia kwa upole, namna watu wanavyomwambia mgonjwa, "Mjomba, samaki ni wa watoto. Mimi nataka ya kambi." Kambi gani? "Kambi ya mama. Yenye hema na lori na sufuria kubwa." Alikuwa amenieleza hivyo tangu Mei, mimi nikajitia sisikii kwa kuwa wewe ulishaagiza. Lile beseni nalo, nikuambie sasa, nalikorogea gundi. Chiriku anaoga bafuni amesimama, mlango kaubana, anasema ni mtu mzima. Sikukuandikia mapema kwa sababu Breki alikuwa na haraka.

Basi siku mbili kabla ya sherehe nikageuka mkandarasi. Samaki nikawashusha, wakawa mito ya kukalia wafanyakazi. Lori nikaunda kwa fremu ya kochi na maboksi. Likabaki hema. Hema linataka kitambaa kikubwa, na kitambaa kikubwa nilichokuwa nacho ni kimoja tu. Nadhani umeshaanza kutokwa jasho kwa niaba yangu. Nikajiambia, sikati, natundika tu, siku moja, atajuaje? Mama wa famasi haji kwenye sherehe za watoto. Asubuhi ya sherehe akaja, kamshika mjukuu mkono, kaalikwa na Chiriku mwenyewe.

Akaingia chini ya hema, akakaa juu ya samaki, akatazama juu. "Fundi, kitambaa hiki kinafanana sana na changu." Nikasema siku hizi viwanda vinaigana. Akaunyanyua upindo wa pembeni akaugeuza, na pale palikuwa na alama ya wino aliyoipiga yeye, kwa sababu yeye hawaamini mafundi wa makochi. Nilitamani hema liniangukie. Akanitazama, akatazama watoto, akasema, "Ijumaa, fundi. Siyo kesho. Ijumaa." Halafu akauliza kama maharage yako tayari.

Keki nilipika mwenyewe. Najua ulisema nini. Nilikusudia lori, likatoka lori lililopata ajali. Nikalibandika magurudumu ya biskuti, likakaa upande. Mama akapita mezani akauliza nani kaweka kiatu karibu na chakula.

Lakini Chiriku, dada! Laiti ungemwona. Aproni nilimshonea kwa kipande cha yale maua mekundu (ndiyo, nilikata, kidogo tu). Kashika upawa mrefu kuliko mkono wake, kasimama nyuma ya sufuria ya Mama, anafoka: "Foleni! Nani hajanawa? Wewe unafanya kazi lori gani?" Akatia chumvi kwenye maharage, akatia tena, kisha akamwita Mama naye atie "kwa kumsaidia". Ndivyo barua yako ilivyosema, na yeye hapunguzi neno. Watoto walikula hayo maharage wakamaliza maji ya pipa zima. Mama wa famasi alikula akasema presha yake ataipima mwenyewe, vifaa anavyo.

Na sharti la Chiriku lilikuwa kwamba kila anayepewa sahani lazima amuulize mpishi swali moja, lilelile, kabla ya kuondoka kwenye foleni. Swali lenyewe nitakuambia siku nyingine, mkono umechoka.

Halafu Breki akafika kweli, na honi. Watoto wakapagawa. Kwenye ile sherehe ya nyuki, baba wa geti la bluu alikiri, hakukuwa na nyuki hata mmoja wa kweli; sisi lori la kweli tulikuwa nalo. Chiriku alikwenda kulitazama lori, akarudi. Gauni limefika, tunashukuru sana, rangi nzuri. Baada ya hapo nilipata kazi ndogo ya haraka pale nje, kwa hiyo keki, au kiatu, alikata Mama. Mimi nilirudi watoto wameshaondoka.

Kitambaa cha mama wa famasi hakitoshi tena. Kochi moja litabidi livae mgongo wa rangi nyingine, na mimi nimejitia hamnazo.

Lile swali la herufi kubwa sikuulizi tena. Uwe mzima.

Mdogo wako, mkandarasi mstaafu


11 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila leo mwandiko wa kuku ni wangu. Utajua kwa nini. Msalimu Mama na magoti yote mawili.

Umeniandikia habari za hema, za keki, za mama wa famasi na presha yake. Nimecheka jikoni peke yangu mpaka msaidizi akaja kuangalia kama nimeungua. Nikaikunja barua nikasema, huyu mdogo wangu anajua kunipaka mafuta. Jioni yake Breki akaja kula. Wewe unajua kunyamaza, mdogo wangu. Breki hajui. Nilimwekea sahani, akala, akaniangalia, akasema, "Bi Chumvi, mwanao ni mtu."

Kanieleza lile swali. Kila mtoto alichukua sahani akauliza, "Mpishi, utarudi lini nyumbani?" Na mwanangu alijibu kila mmoja, bila kuchoka, huku anachota: "Lori likija."

Kanieleza kwamba lori lilipokuja, aliweka upawa chini, akafuta mikono kwenye aproni, akapita katikati ya wenzake wote mpaka barabarani. Hakuuliza zawadi. Alisema afunguliwe mlango wa mbele. Breki akambeba, akapanda, akachungulia. Anasema alitafuta mpaka nyuma ya gunia. Kisha akaiona ile springi, akaigusa kwa kidole, akakivuta haraka. Akakugeukia wewe, na hakulia, Breki anasema bora angelia. Akasema, "Ni kweli, mjomba. Inachoma. Ndiyo maana haji. Mtengenezee."

Mdogo wangu, nilikuandikia habari ya ile springi ili nipate la kuandika. Ilikuwapo, ndiyo, lakini ningeweza kukalia mto. Nilikuwa na mto, uliniletea mwenyewe, una macho ya vifungo! Mimi sikuogopa springi. Naogopa glasi ya wageni. Naogopa kuamkiwa vizuri. Na mtoto akaichukua barua yangu neno kwa neno, akaenda kuhakikisha, akakuta mama yake hasemi uongo. Nilipoambiwa hayo nilikwenda nyuma ya jiko. Safari hii hata sikujisumbua kutafuta nguo za kuanua.

Na wewe ndiyo hiyo kazi yako ndogo ya haraka. Breki anasema ulikwenda ukaleta nyundo, ukakifumua kiti chote barabarani wageni wakiwapo, Chiriku anakushikia misumari, ndani keki inakatwa. Hukuandika hata neno. Umewahi kumaliza kazi siku hiyohiyo tangu uzaliwe? Wateja wako wakijua watakuua.

Gauni nalo, Breki kasema halikupita mabegani. Amenionyesha kwa mkono mtoto anapofika sasa. Nilidhani anatania. Nimesimama nikajipima, anafika kiunoni.

Kwa hiyo sikiliza. Jiko nimemkabidhi msaidizi. Nimemwonyesha chumvi iko wapi, nimemwonya atie mara moja. Wakubwa wa daraja walikuja, walikula, waliondoka, hakuna aliyeniuliza jina. Msimamizi nimemuaga, akasema nafasi yangu hataniwekea, nikamwambia asiniwekee. Vyombo vyangu viko nyuma ya lori, juu ya magunia matupu.

Nakuandikia nimekalia mahameli. Maua mekundu, mdogo wangu, ndani ya lori la vitunguu! Siku mbili nzima nimekaa kama malkia, springi hata sijaisikia, na kila tukipita shimo Breki ananiambia, "Kazi ya fundi hiyo," kana kwamba amekuzaa yeye. Kipande cha mama wa famasi kiko hapa chini yangu. Mwambie, au usimwambie.

Kingine utacheka, cheka tu. Nimevaa aproni. Siku mbili za safari mtu kavaa aproni, vituo vyote watu wananiagiza chai. Breki kaona haya kwa niaba yangu. Lakini nimefikiri sana: uso wangu mtoto huenda asiujue. Mpishi anamjua. Basi aanze na mpishi.

Barua hii Breki ataibeba kutoka lorini mpaka barazani kwako, na hiyo ni safari ambayo hata yeye hawezi kuchelewa. Lori limesimama nje, karibu na geti la bluu. Honi nimemkataza. Mimi nimekaa hapahapa kwenye kiti ulichokitengeneza, sithubutu kushuka.

Usimwambie kitu. Mwambie tu lori limekuja, aje achungulie tena.

Dada yako